Kabla Birika Halijarudi Jikoni

Sogeza hicho kigoda, mjukuu wangu, ukae penye kivuli. Mimi siku hizi jua likinipiga usoni sioni kitu. Jicho la kushoto limeingia mtoto wa jicho, hospitali wamenipa tarehe, tarehe imesogezwa mara mbili, na katika umri huu mtu akikwambia usubiri unamtazama tu.

Swali lako la jana nimelala nalo. Ulinifungulia simu ukanionyesha picha moja baada ya nyingine, kidole kinapita haraka kama mtu anayehesabu noti: mwanamke mwenye kilemba cha dhahabu, simba, michirizi ya rangi isiyo na jina, jua likizama baharini pale Coco Beach, halafu tena mwanamke wa kilemba. Ukaniuliza, "Babu, nachora kila kitu. Sasa mimi ni mchoraji wa nini?" Sikukujibu papo hapo. Jibu nililokuwa nalo mdomoni lilikuwa kali, na ukali wa mzee aliyechoka haumfundishi mtu, unamkimbiza.

Ila lile jua lako nililiona. Mama, Coco Beach inatazama mashariki. Jua pale linachomoza. Likizama, linazama nyuma ya mgongo wako, huko Kimara. Umeogelea pale tangu utotoni, umekula mihogo pale, na bado mkono ukachora machweo juu ya maji, kwa sababu mkono umeshayaona machweo mengi kwenye picha za watu. Usione haya. Yangu ni makubwa kuliko hayo, nitakueleza. Kwanza tazama meza.

Nimekuwekea birika la chai la bibi yako, lile la alumini lililobonyea ubavuni, sahani ya bati, na ndimu tatu. Waliosomea huiita picha ya vitu tuli. Usichukue brashi bado. Angalia tu, mpaka kikombe changu kipoe. Birika lina rangi gani? Umesema kijivu. Haya, angalia tena. Upande wa dirishani limebeba weupe wa mbingu, na weupe wenyewe una bluu ndani. Chini, karibu na sahani, kuna ukijani wa ndimu. Na tumboni hapa, penye bonyeo, unaona huo mstari mwekundu uliopinda kama mundu? Hiyo ni kanga yako wewe. Jongea kushoto. Umeona umetembea? Alumini haina rangi yake, inaazima kwa majirani. Ukilipaka kijivu cha kopo utakuwa umechora birika la dukani ambalo halijawahi kuwekwa mezani kwa mtu.

Kivuli cha ndimu nacho usikipake nyeusi. Nyeusi ya kopo hutoboa picha kama sigara inavyotoboa shuka. Chukua bluu ya altramarini, uichanganye na siena iliyochomwa, ile kahawia yenye wekundu. Bluu ikizidi kijivu kinapoa, kahawia ikizidi kinapata joto. Halafu kodoa macho pale kivuli kinapogusana na ndimu. Kuna kijani hafifu mno, kimetoka kwenye ganda kikaangukia sahani. Mimi nilishika brashi miaka ishirini na zaidi kabla ya kukiona kijani hicho, nacho kilikuwepo mezani kwa mama yangu kila Ijumaa.

Jambo la tatu ni hiki kipande cha chaki. Zungushia kitako cha birika, uzungushie sahani, na kila ndimu uiwekee alama. Watoto wakipita wakigonga meza, unarudisha kila kitu mahali pake. Hili nimelipata kwa Mtaliano mmoja, Giorgio Morandi wa mji wa Bologna. Sikumjua, nilimwona kwenye kitabu alichoniachia mgeni mmoja aliyekuwa akirudi kwao, kitabu ambacho mchwa walikula kabla sijakimaliza. Alizaliwa mwaka 1890, akafa mwaka 1964, mwaka wetu wa Muungano. Hakuoa. Aliishi na dada zake watatu kwenye nyumba ya mtaa wa Via Fondazza, na chumba alichochorea ndicho alicholalia, kitanda huku, chupa kule. Maana kazi yake ilikuwa chupa, na vikopo, na mabakuli. Nyingine alizipaka rangi zisimeremete, nyingine aliziacha ziote vumbi, na vumbi lenyewe akalichora. Alitia alama kwenye karatasi iliyotandikwa chini ya vyombo, kila kimoja kijue kituo chake. Mwaka huu chupa ndefu iko kushoto, mwaka ujao imesogea vidole viwili, na hiyo kwake ni picha nyingine kabisa. Kuanzia mwaka 1930 hadi 1956 alikuwa akifundisha uchoraji wa kuchonga kwenye bamba na kuchapa, pale chuo cha sanaa cha mji wake, kisha jioni anarudi kwenye chupa. Mwaka 1948 wakampa tuzo kubwa ya uchoraji Venice. Akarudi kwenye chupa.

Niliposoma habari zake mara ya kwanza nilimcheka. Nilisema huyu hana shida ya ada za shule. Sasa simcheki.

Haya, dhambi yangu. Miaka hiyo watalii walikuwa wameanza kumiminika, na hoteli moja ya pwani, jina silitaji, mwenyewe alishaondoka nchini, ikaniagiza machweo arobaini. Jahazi moja, minazi miwili, jua la chungwa likizama majini. Vyumba arobaini, kila kitanda na machweo yake. Na hoteli yenyewe, mjukuu wangu, ilitazama mashariki kama Coco Beach yako. Sikuuliza. Niliyachora kwa mafungu: leo anga zote arobaini, kesho bahari zote, keshokutwa minazi. Minazi niliichora huku nasikiliza Simba na Yanga redioni, na sikukosea kuti hata moja. Goli lilipoingia niliruka na brashi mkononi, nikarudi nikaendelea na kuti lile lile. Walinilipa nusu. Nusu ya pili nayo tarehe yake inasogezwa mpaka leo.

Hasara lakini haikuwa hiyo pesa. Niliendelea na machweo baada ya hoteli, maana maduka yaliyataka, na bibi yako alikuwa na watoto wanne wa kulisha. Silaumu kula. Anayekwambia msanii wa kweli hauzi, muulize nani anamlipia umeme. Ninachojilaumu mimi mwenyewe ni kwamba nilikuwa nachora kutwa, mikono imejaa rangi, halafu jioni siwezi kukwambia leo nimeona nini. Jicho lilikuwa limepewa likizo.

Mama alipofariki tuligawana vitu vyake. Dada zangu wakachukua kanga, doti kwa doti, na vikuku. Mimi nikachukua mbuzi yake ya kukunia nazi, wakanicheka, wakasema mwanamume unataka kukuna nazi uzeeni. Nikaisukuma mvunguni mwa kitanda, ikakaa huko miaka. Mwaka mmoja masika yalishika kweli, watalii hakuna, maduka yamefungwa, mbao za hadubodi nilizobaki nazo ni vipande vya kuokota. Nikasema nichore chochote. Nikaitoa ile mbuzi mvunguni, na wahenga hawakusema uongo, niliinama mpaka kiuno kikalia.

Nikaichora kwa robo saa. Kibao kimenyooka, miguu imepishana vizuri, ulimi wa chuma umetokeza mbele na meno yake yote kama upanga wa jogoo. Nikaegemea ukuta nikajipongeza. Bibi yako akaja na chai, akasimama nyuma yangu, akaangalia picha, akaangalia kitu chenyewe, akasema, "Hii ni mbuzi ya sokoni. Ya mama iko wapi?"

Nilikasirika. Nilikaa na hasira mpaka chai ikapoa, halafu nikaangalia. Kibao hakikuwa kimenyooka. Kilikuwa kimezama upande wa kushoto, shimo jepesi kama kiganja, kwa sababu mama aliteleza kisimani akiwa msichana na nyonga yake ya kulia haikuwahi kupona. Alikalia ubavu. Upande aliokalia mti ulikuwa mweusi, unang'aa, umesuguliwa na kanga kwa miaka isiyohesabika, na upande wa pili alama za tezo la fundi bado zilikuwepo, mbichi, kama vile kibao kimetoka kuchongwa jana. Pale miguu inapokunjikia, parafujo ilikuwa imekatika zamani na mahali pake pana msumari uliopindwa. Meno mawili hayapo. Yaliyobaki yameisha zaidi upande mmoja, maana alikuwa anaizungusha nazi kwa kwenda huko tu.

Nimekula wali wa nazi wa kibao kile tangu nina meno ya maziwa. Mama akikuna, mimi niko pembeni nasubiri machicha. Na sikuwa nimewahi kukiona.

Nikachora tena, ikawa mbaya. Kile kibonde cha kushoto mkono ulikataa, kila nikipaka ananyoosha, namwita "ananyoosha" kwa sababu mkono ule ulikuwa kama mtu mwingine, fundi mzoefu anayejua mbuzi inavyotakiwa kuwa, hataki kuelekezwa na mteja. Nilifuta kwa tambara la tapentaini, nikarudia. Siku ya nne nikaacha brashi nikachora kwa mkaa, mkono wa kushoto, ili yule fundi asipate pa kushika. Siku ya tisa kibao kikaanza kuzama. Kwa jumla ilikuwa siku kumi na tisa na vipande kumi na tisa vya hadubodi, na kipande cha mwisho ndicho kilicho pale ukutani juu ya redio, wewe umekiona maisha yako yote ukidhani ni picha ya mbuzi.

Baada ya hapo nikachora mchi wa kinu chetu, pale unaposhikwa. Nikachora mwiko ulioliwa ncha. Kizingiti cha mlango wa msikiti wa mtaani, katikati kimebonyea kwa nyayo. Kiti cha fundi cherehani wa jirani, na mto aliouweka kwa ajili ya mgongo. Siku moja kijana mmoja akaja kununua, akasema ameelekezwa kwa yule mzee anayechora vitu vilivyokaliwa. Nikageuka nyuma kuangalia kama kuna mzee mwingine. Mimi sikuwa nimeamua lolote, mjukuu wangu. Nilikuwa nimekasirishwa na kibao kimoja, basi, hasira zikaendelea.

Kwa hiyo ukiniuliza wewe ni mchoraji wa nini, nakuuliza ni kitu gani kimewahi kukukatalia mkono. Katika picha zile za kwenye simu sikuona kilichokukatalia. Zote zilikubali. Yule wa kilemba alikubali mara tano, na kila mara shingo ile ile.

Najua utanitajia Tingatinga, maana jana ulisema mtu anatakiwa awe na mtindo unaotambulika kutoka mbali. Vizuri, tumzungumzie. Edward Saidi Tingatinga alitoka kusini, upande wa Tunduru, alikuja Dar es Salaam kutafuta kibarua kama wengine wote. Alianza kuchora karibu mwaka 1968, akauawa kwa risasi mwaka 1972. Miaka minne! Kuna watu wamekaa miaka minne wakichagua jina la studio. Alichorea rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli kwa sababu ndiyo aliyoipata dukani, na alichora juu ya hadubodi, zile mbao za dari, kwa sababu ndizo zilizokuwepo mjini. Karatasi moja ya futi nne kwa nane ukiikata miraba ya futi mbili inatoa vipande vinane na hakibaki chembe. Watu wameandika mengi kuhusu ule mraba wake, mimi naamini hesabu ya msumeno ilichangia. Mkewe alikuwa anauza picha zake nje ya Morogoro Stores, Oyster Bay, walikopita wazungu. Sasa niambie, hapo alikaa chini lini akatafuta mtindo?

Waliomfuata siwadharau, wamesomesha watoto na wengine wana mkono kuliko wangu. Lakini ukipita kwenye vibanda utaona waliorithi chui na waliorithi ule ujasiri wa kuchukua kopo lililopo na kuangalia mnyama upya. Hao wa pili si wengi. Unawajua kwa kuwa ukisimama mbele ya kazi yao unachelewa kuondoka.

Na yupo Sam Ntiro, ambaye kizazi chenu hamumtaji na inaniudhi. Mchagga, mzaliwa wa mwaka 1923, alisoma Makerere kwa Margaret Trowell, akaenda chuo cha sanaa cha Slade kule London, na Tanganyika ilipopata uhuru akawa Balozi wetu huko huko Uingereza. Mtu anakaa London, nje kuna ukungu, mezani kuna barua za serikali, na bado anachora migomba, watu wanalima pamoja, wanabeba mbege. Mwaka 1960 jumba la Museum of Modern Art la New York lilinunua picha yake ya wanaume wakipeleka mbege kwa bibi harusi usiku. Watu wake wadogo wadogo, nyuso hazina mambo mengi, na wapo waliomwona hajui kuchora. Yeye alijua wapi mgomba unapinda. Alitoka nao utotoni, na hakuna aliyeweza kumnyang'anya kwa kumpa ubalozi.

Sasa kazi yako. Amka mapema, maana mwanga wa dirisha hili ni mzuri kuanzia saa kumi na mbili na nusu mpaka karibu saa mbili, baada ya hapo paa la jirani linaanza kurudisha mng'ao na kila kitu kinapauka. Tumia vipande vidogo, ukubwa wa daftari, ili usipate woga wa kuharibu turubai la bei. Nyuma andika tarehe. Akriliki yako hukauka kwenye kibao cha rangi kabla hujapiga miguso mitatu, na joto hili la Kaskazi ndiyo kabisa, basi tandika kitambaa chenye maji chini ya karatasi ya kuchanganyia. Ukihamia rangi za mafuta, tabaka za chini ziwe nyepesi, mafuta yaongezeke kadiri unavyopanda, la sivyo juu patakauka kabla ya chini na miaka mitano baadaye picha inapasuka kama tope la bwawa. Umeme ukikatika, usinipigie simu kuniambia umeme umekatika. Birika halihitaji umeme.

Na hiyo simu, kwa mwezi mmoja, usiionyeshe hizi picha. Sisemi simu ni shetani, mimi mwenyewe naangalia taarabu humo. Nasema mioyo wanayokupa watu hufika haraka mno, kabla hujajua kama kitu kilikuwa kigumu. Picha ya siku ya kwanza ya ile mbuzi ingepata mioyo. Ilikuwa nzuri kabisa, na ilikuwa uongo.

Utachoka. Siku ya sita utalichukia birika. Siku ya kumi utaniletea sababu zenye akili nyingi, kwamba umepata wazo kubwa kuhusu mwanamke na jamii na haliwezi kungoja. Liandike kwenye karatasi, litie droo, urudi kwenye ndimu. Kama ni lako litakuwepo. Ndimu zenyewe zitageuka njano, halafu zitapata madoa, halafu chini patalainika na sisimizi watakuja. Usizibadilishe. Mchoraji Cézanne alikuwa mzito wa mkono kiasi kwamba matunda yaliozea mezani kabla hajamaliza, na bado tunayaangalia.

Ukiniuliza nitapata nini baada ya mwezi, sijui. Labda utagundua unapenda mabonyeo. Labda utagundua kanga yako ndani ya alumini inakushinda kuliko birika, ukaanza kuchora watu wanavyoonekana kwenye vyombo vyao. Labda utagundua hupendi kabisa kuchora, na hilo nalo ni nafuu kulijua una miaka ishirini na mitatu.

Haya, chora sasa. Dakika kumi, usifute. Mimi nitasinzia hapa hapa.

Umemaliza? Lete nione, weka karibu, upande wa jicho la kulia. Mdomo wa birika umeunyoosha. Ni kweli, umeunyoosha, hata wewe unacheka. Na hili bonyeo umelikwepa, umelifunika na mng'ao. Lakini hapa, chini ya ndimu ya kati, hiki kijani ulikiona mwenyewe au ni kwa sababu nilikwambia? Ulikiona. Unaapa. Sawa.

Bibi yako ameshaita mara mbili, anataka birika lake, chai ya saa nne haijawekwa. Mpelekee. Alama za chaki usizifute, na hao watoto uwaambie meza hii wasiiguse. Kesho njoo kabla ya saa moja, ile ndimu ya dirishani imeanza kugeuka rangi upande mmoja.